Maradhi ya mizizi yalipobisha hodi Kayole

Ukitembea mitaa ya Eastlands siku hizi, kuanzia Jericho na Maringo hadi Umoja, Kayole na Dandora, utaona kwamba watu wamegeuka wakulima bila kuhama mjini. Penye roshani pana sukuma wiki. Penye ngazi ya kupandia ghorofani pana mkebe wa Kasuku wenye dania. Nyuma ya nyumba, pale ambapo zamani palikaa gari bovu la mwenye ploti, leo yamesimama magunia yaliyotobolewa ubavuni, kila tundu likichungulia jani la spinachi. Sisi tuliokulia mitaa hii tunakumbuka enzi ambapo askari wa baraza la jiji walikuwa wakiteremka na mapanga kufyeka mahindi ya akina mama kando ya reli na mito. Tangu 2015 Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini, na anayepanda mboga guniani hana haja ya kuchungulia dirishani kila lori linaponguruma.

Askari wameondoka, lakini yuko mgeni mwingine asiyesoma sheria. Huyu hushambulia mizizi.

Msomaji, huenda umemwona bila kumjua. Mmea unalala adhuhuri kama mtu aliyeshinda njaa, jioni unainuka, kesho unalala tena, na siku ya nne hauinuki. Unaumwagilia ukidhani una kiu, kumbe maji hayo ndiyo yanayoumaliza. Mitaani kwetu amepewa majina mengi. Wako wanaosema ni jua kali, wengine husema ni mbolea ya dukani, na nimewahi kumsikia mama mmoja wa makamo kule Umoja akidai, tena bila kutabasamu, kwamba ni jicho la jirani wa ghorofa ya pili.

Mimi nilimjua kupitia kwa dada yangu mkubwa anayeishi Kayole. Mwaka wa 2020, corona ilipofunga hoteli za mjini, kazi yake ya jikoni ilikatika kwa ujumbe mfupi wa simu. Alikuwa na watoto watatu, wote shuleni, na nyumba ya kulipia kodi. Mwenye ploti, mzee mwenye utu, alimruhusu kutumia kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, nacho si kikubwa, ni kama vyumba viwili vya kupangisha. Dada alianza na magunia mawili. Kufikia mwisho wa 2023 alikuwa na kumi na manne, na wenye vibanda walikuwa wakimjia alfajiri kabla hawajaenda sokoni. Nilizoea kumtania kwamba yeye ndiye setla wa pekee wa Kayole. Hata hivyo haukuwa mchezo. Karo ya binti yake wa sekondari ilikuwa ikitoka katika magunia yale, fungu kwa fungu.

Ikaja masika ya 2024. Hakuna mtu wa Nairobi atakayesahau mwezi ule wa Aprili. Kule Mathare na Mukuru watu walipoteza nyumba, na wengine wakapoteza jamaa zao. Kwa dada yangu hasara haikuja kwa kelele. Maji yalituama nyuma ya nyumba yapata wiki nzima, magunia yakasimama dimbwini kama ng'ombe kwenye josho, kisha maji yakakauka na sote tukashukuru Mungu. Mwezi wa Mei spinachi zikaanza kulala. Gunia la kwanza, la pili, la tano. Kisha sukuma nazo zikafuata.

Dada alikimbilia agroveti moja ya mtaani. Kijana wa dukani hakuuliza chochote, akatoa chupa. Chupa ilipokwisha bila nafuu, akatoa pakiti ya unga. Unga uliposhindwa, akatoa chupa nyingine yenye bei kubwa zaidi. Tulipoketi kupiga hesabu tuliona kwamba dada ametumia zaidi ya shilingi elfu tatu, na elfu tatu kwa mwuza sukuma ni mafungu mengi sana. Magunia sita yalikuwa yamekufa na la saba lilikuwa njiani.

Kazi yangu ni kuuliza maswali, basi nikamtafuta afisa mmoja wa kilimo, naye akakubali kuja siku ya Jumamosi. Alikuja bila chupa wala pakiti. Alichoomba ni kisu, gilasi na maji safi. Ningependa kila familia inayopanda mboga ijue alichofanya, kwa maana hakina gharama na watoto hukifurahia.

Kwanza aling'oa spinachi iliyolala, akaiosha mizizi taratibu. Mzizi mzima huwa mweupe na mgumu kidogo. Hii ilikuwa ya rangi ya kahawa, yenye utelezi, na alipouvuta mmoja kwa vidole viwili, ngozi ya nje ilivuka kama soksi, ukabaki uzi mwembamba wa ndani. Pili aliuendea mnyanya uliokuwa pembeni, nao ulikuwa umenyauka, akaukata shina karibu na ardhi na kutumbukiza ncha yake ndani ya gilasi. Tukangoja dakika chache. Kama ungetoa nyuzi nyeupe mfano wa maziwa, hiyo ingekuwa bakteria, ambayo ni kesi nyingine kabisa. Haukutoa. Tatu alilipasua shina lile kwa urefu, na hapo sote tukaona mistari ya kahawia ikipanda ndani kama waya. Vilevile alitwambia tutazame kama mizizi ina mafundo: mafundo madogomadogo ni minyoo ya udongoni, na uvimbe mkubwa kwenye mizizi ya sukuma au kabichi ni ugonjwa mwingine unaopenda udongo wenye asidi, ambao hupunguzwa kwa chokaa.

Kwa hiyo palikuwa na wageni wawili, si mmoja. Mnyanya ulikuwa na fusariamu, na spinachi zilikuwa na pithiamu.

Majina haya yanasikika kama ya wachezaji wa ng'ambo, lakini inafaa tuyatofautishe. Fusariamu ni kuvu halisi. Huingilia mizizini na kuziba mishipa inayopandisha maji, ndiyo maana mmea hufa kwa kiu ilhali miguu yake imelowa. Kila jamii ya fusariamu ina mmea wake. Ile ya nyanya haina haja na sukuma, na ile ya migomba haina haja na nyanya. Ile ya migomba ndiyo iliyoifuta ndizi aina ya Gros Michel katika mashamba makubwa ya Amerika ya Kati, hata kufikia miaka ya 1960 makampuni yakawa yamehamia ndizi nyingine iitwayo Cavendish. Gros Michel ndiyo ile wauzaji wetu huiita Kampala. Mwaka wa 2013 ilithibitishwa kwamba aina mpya ya ugonjwa huo, inayoiua hata Cavendish, imefika Msumbiji. Kuvu hii ikishaingia udongoni hujifunga kwenye vijumba vyenye kuta ngumu na kulala humo miaka mingi. Mtu anaweza kuhama nyumba mara tatu ilhali yenyewe ingali inangoja kupandwa nyanya.

Pithiamu watu huiita kuvu kwa mazoea tu. Wanasayansi huihesabu kuwa jamaa wa mwani wa kahawia, na hapo ndipo penye siri. Mbegu zake ndogo zina vimkia viwili, na huogelea. Ukiupa maji yaliyotuama, hasa yenye joto, unakuwa umeutengenezea barabara ya lami kutoka mzizi hadi mzizi. Halafu ziko dawa za ukungu zinazoua kuvu halisi lakini pithiamu haziigusi kamwe. Ile pakiti ya unga aliyouziwa dada ilikuwa ya aina hiyo. Kijana wa dukani aliuza dawa ya ugonjwa ambao spinachi hazikuwa nao, na hata angaliuza iliyo sawa, mzizi uliokwisha kuvuka ngozi haurudishwi na dawa yoyote.

Hapo akaingia mpwa wangu, kifungua mimba wa dada, mwanafunzi wa chuo cha ufundi. Yeye alikuwa amepata mwanga wake. Udongo ndio mchawi, alisema, basi tuachane na udongo. Alikuwa amejifunza kilimo cha maji, kile kiitwacho haidroponiki, na alikuwa na ushahidi wa kutosha. Mashamba ya maua ya Naivasha yalizoea kufukiza udongo kwa gesi ya methili bromaidi ili kuua magonjwa haya. Gesi hiyo ilipoingizwa katika Mkataba wa Montreal, ule wa 1987 wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zikapewa hadi 2015 kuiacha. Mashamba mengi ya maua yakahamishia mawaridi kwenye mawe mepesi ya volkeno, yakinyweshwa maji yenye mbolea. Kama matajiri wa Naivasha wameukimbia udongo, sisi wa Kayole tunangoja nini?

Sikuwa na la kumjibu. Mwezi wa Agosti akapandisha juu ya paa paipu nne za plastiki alizotoboa mwenyewe, dramu jeusi la lita mia, na pampu ndogo ya birika la samaki. Akapanda letusi na spinachi. Kwa wiki tatu paa lile lilikuwa fahari ya ploti nzima. Hata wapangaji waliokuwa hawasalimiani walikutana juu kutazama mizizi ikining'inia majini, myeupe kama tambi.

Wiki ya tano akanipigia simu.

"Mjomba, imegeuka kahawia."

"Nini?"

"Mizizi. Yote. Hata letusi."

Nilipopanda nilikuta utelezi uleule, uzi uleule, na harufu ya maji ya chombo cha maua kilichosahaulika. Msomaji, mahali pasipo na udongo ugonjwa huu hauzuiwi na kitu. Guniani utasafiri wiki kadhaa kutoka tundu hadi tundu. Ndani ya paipu maji ni yale yale yakizunguka, na mmea mmoja ukiugua, pampu inawagawia wenzake wote kabla ya chakula cha mchana.

Tukaketi juu ya ndoo tukaanza kuuliza uliwezaje kupanda ghorofa tatu. Haikuchukua muda. Miche ilikuwa imeoteshwa mikebeni kwa udongo wa nyuma ya nyumba, ikaoshwa mizizi kwa juujuu na kutiwa kwenye paipu. Jagi la kujazia dramu ndilo lililokuwa likitumika kunyweshea magunia. Dramu lilikuwa jeusi, limekaa juu ya mabati, na saa saba mchana maji yalikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Maji yakipita nyuzi 25 hivi hubeba hewa kidogo, mizizi inadhoofu, na pithiamu inapata nguvu. Tena kuna stima. Kayole stima hupotea bila kubisha, na kila ilipopotea pampu ilinyamaza na mizizi ikakosa pumzi. Hata maji yenyewe tunayaweka sana, kwa kuwa ya mfereji huja kwa zamu, siku mbili yapo, siku tatu hayapo. Mtu wa Eastlands hawezi kulaumiwa kwa kuweka maji. Lakini maji yaliyokaa wazi, yakaingia vumbi, majani na nzi, si yale yaliyotoka mferejini.

Mjadala mkali ulikuja jioni ile, nao haukuwa wa sayansi. Afisa alikuwa ameshauri kwamba magunia yenye ugonjwa yang'olewe yote, hata yale ambayo mimea yake nusu ilikuwa ingali imesimama. Nilimuunga mkono. Dada akanitazama muda mrefu.

"Wewe unasema hivyo kwa sababu mshahara wako hauozi," alisema.

Alikuwa na haki. Gunia lenye nusu ya sukuma bado ni mafungu matatu kwa siku, na mafungu matatu ni unga. Ushauri wa wataalamu huandikwa kwa ajili ya mtu mwenye akiba. Mwenye njaa huambiwa aharibu leo apate mwezi wa tatu, na ukimwona anasita, humwita mjinga. Naamini ndiyo sababu ugonjwa huu haukomi mitaani: watu wanaweza kuelewa, ila hawana wiki sita za kungoja. Mwisho tulikubaliana hivi: mimi na mdogo wetu wa Nakuru tungechanga pesa za matumizi kwa wiki nane, naye dada angeng'oa magunia yote saba yaliyobaki na ugonjwa. Aliyang'oa mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

Mimea iliyokufa haikutiwa kwenye mboji. Ilifungwa mifukoni ikaondoka na takataka. Mikebe, jagi, kisu na paipu zote vilioshwa kwa sabuni, vikalowekwa nusu saa katika maji yenye Jik, kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo tisa vya maji, vikasuuzwa na kuanikwa juani. Udongo wa zamani uliwekwa pembeni ukingoje jua la Januari. Kuna njia iliyoelezwa na watafiti wa Israeli mwaka wa 1976, ya kuulowesha udongo, kuutandaza, kuufunika kwa karatasi ya plastiki inayopenya mwanga na kuziba kingo, kisha kuuacha juani wiki nne hadi sita mpaka joto liue vimelea. Hapa Nairobi njia hii hufaa Januari na Februari. Ukiijaribu Julai, na mawingu yetu yale, utakuwa unaufunika udongo usipate baridi. Udongo wa miche ni kidogo, basi huo tuliuchemsha kwa mvuke ndani ya dramu juu ya moto wa kuni, nusu saa tangu ulipopata moto sawasawa.

Udongo mpya tuliununua kutoka nje ya mji. Kijana mmoja alijitolea kutuletea bure mweusi wenye rutuba kutoka karibu na jaa la Dandora. Tulimshukuru, tukakataa. Utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, uliotolewa 2007, ulikuta madini ya risasi kwa wingi katika udongo wa pale na katika damu ya watoto wanaoishi karibu nalo. Ugonjwa wa spinachi ni afadhali kuliko huo.

Magunia sasa yamesimama juu ya matofali, na katikati ya kila moja una nguzo ya kokoto kuanzia chini hadi juu ili maji yashuke, yasituame. Dada hunywesha asubuhi, si jioni, na huingiza kidole kwanza kuona kama udongo una unyevu. Nyanya hazirudishwi penye udongo ule wa zamani. Pale amepanda vitunguu na dania, na anaponunua mbegu za nyanya kwa ajili ya udongo mpya huangalia kama pakiti ina herufi F, alama kwamba aina hiyo hustahimili fusariamu. Hutumia pia trikoderma, kuvu rafiki inayowekwa udongoni ili iwatangulie wabaya kwenye mizizi. Inafaa iwekwe wakati wa kupanda. Anayeimwaga juu ya mmea unaokufa anatupa pesa, kama ilivyokuwa kwa zile chupa.

Mpwa wangu hakukata tamaa na paa lake. Dramu amelipaka rangi nyeupe na kulijengea kivuli, mfuniko haupitishi mwanga, na maji humwagwa yote kila baada ya wiki mbili. Miche huoteshwa hukohuko juu kwenye makapi ya makumbi ya nazi, na hakuna mche unaopanda ngazi kutoka chini. Amenunua jagi jekundu ambalo halishuki kamwe. Mama yake alilishusha siku moja kuchotea maji ya kupikia, kukawa na kesi nyumbani.

Spinachi za kwanza ziliuzwa Desemba 2024, na karo ya muhula wa kwanza ililipwa kwa kuchelewa wiki mbili. Pithiamu haijaondoka ploti ile, wala hatutarajii. Mwezi uliopita gunia moja lililala tena. Dada hakunipigia simu wala hakwenda agroveti. Aliling'oa kabla ya chai, akamtuma binti yake akanawe mikono kwa sabuni kabla hajagusa mengine, na wenye vibanda walipokuja akawaambia siku hiyo kuna upungufu wa mafungu manne.